Nyuzi Kwenye Mkanda wa Nyuma

Jumatatu, 2 Machi

Shajara hii tumepewa bure na muuza oili. Ina picha ya kopo la oili kwenye jalada, limepambwa utafikiri bwana harusi. Wenzangu karakanani wameshaanza kuchana kurasa za kufutia mikono. Mimi nitaandika. Mwalimu wangu wa kidato cha pili, mwaka ule nilipoiacha shule (au shule iliponiacha, inategemea unamuuliza nani), alisema mkono wangu umeumbwa kwa kubeba, si kwa kuandika. Sipendi kumfanya mtu mzima aonekane mwongo, lakini yule kajitakia.

Leo yameanza mambo mawili: mvua, na wito wa magari. Kampuni inayotengeneza magari tunayoyahudumia imetangaza redioni, ikatuma na barua, kwamba magari yote ya umbo lile la zamani, yale ya mgongo wa kobe, yarudi karakana. Mikanda ya viti vya nyuma ni mibovu. Yaani magari yanaitwa kama watoto jioni: haya, rudini nyumbani mnawe miguu. Kubadilishiwa ni bure.

Mkuu wa karakana katupanga mstari, akatutazama mikono mmoja mmoja, akaniishia mimi. "Wewe. Mikanda." Basi, hotuba imekwisha. Mikono yangu ni myembamba, inapenya ubavuni mwa gari bila kung'oa plastiki zote. Na Bibi siku zote ananiambia nile ninenepe! Kumbe wembamba ni cheo.

Jumanne, 3 Machi

Mvua, mikanda, mgongo. Nimelala bila kuoga.

Ijumaa, 6 Machi

Mkuu tunamwita Zege, akiwa hayupo. Zege likishaganda halisemi. Leo kanifundisha kazi kwa maneno ambayo yangeenea kwenye kiganja.

"Mkanda," kasema, "kazi yake kukataa."

Kisha kanionyesha. Ukiuvuta taratibu unakuja. Ukiuvuta kwa ghafla, rola inayoukunja, iliyojificha ubavuni, inauma meno na mkanda unagoma. Hapo ndipo unapookoa mtu. Ila rola za magari haya, unyevu ukiziingia, meno yanateleza kama fizi za kibogoyo kwenye mua.

Mimi na akili zangu nikauliza: "Mkuu, tukiujaribu tukaona unakataa vizuri, si tunauacha?"

"Usijaribu. Badilisha."

"Lakini kama—"

"Badilisha."

Mkanda unaotoka unakatwa katikati kwa mkasi wa bati, asije mjanja akaurudisha barabarani. Unatupwa kwenye pipa, na pipa linarudi kwa kampuni. Nimekata leo mpaka kidole gumba kimekufa ganzi. Najua kukata. Mjukuu wa fundi cherehani hafundishwi mkasi.

Jumatano, 11 Machi

Chini ya viti vya nyuma ndiko utoto wa watu ulikolala. Nimeokota soksi isiyozidi kidole changu, penseli iliyotafunwa, vifungo, mkono wa mwanasesere, na gololi moja ya bluu. Vyote nawarudishia wenyewe. Mwenye gololi alikuwa baba mtu mzima, suti, kipara kinang'aa. Alisimama nayo kwenye mvua akiigeuzageuza.

"Hii ilikuwa ya mwanangu. Tulimchapa siku ilipopotea, kwa kulia njia nzima."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Ni daktari wa meno. Hapigi simu."

Tukacheka. Yeye hakucheka mpaka mwisho.

Jumamosi, 14 Machi

Leo nimekaa kiti cha nyuma cha gari la Babu, kwa makusudi, milango imefungwa, mvua inagonga bati la juu. Sijakaa humo tangu msiba wake.

Mgongo wa kobe. Rangi ya kijani. Ni lile lile. Nimekuwa nikibadilisha mikanda ya watu wiki mbili na nilijua siku ya kwanza kwamba letu limo. Nilijifanya silioni.

Sasa niandike vizuri jambo hili, maana asiyetujua hatalielewa. Watu wengine huwapima watoto urefu kwenye fremu ya mlango. Babu yangu, fundi cherehani, alitupima kwenye mkanda wa gari. Kila mwisho wa mwaka, mimi na Dada tulikalishwa kiti cha nyuma kushoto kwa zamu, tunafungwa mkanda, na pale unapopita juu ya bega Babu anatia alama ya chaki. Kisha anachomoa sindano kwenye kola yake, maana kola ya Babu haikukosa sindano hata siku ya sikukuu, anashona mishono mitatu midogo. Dada uzi mwekundu. Mimi njano. Mwaka hadi mwaka nyuzi zikapanda, kama ngazi mbili za siafu.

"Kaa wima," alikuwa akisema. "Na usidanganye. Kitambaa hakisahau."

Kwenye mkanda ule kuna mwaka mmoja uzi wa njano umeruka juu kama umeona nyoka, na mwaka uliofuata umerudi chini. Ukiuamini mkanda, niliwahi kufupika. Ukoo mzima unajua kwa nini: nilikalia sweta nililolikunja mara nne ili nimfikie Dada. Babu alipitisha mkono, akalipapasa sweta chini yangu, akanitazama. Nikatazama dirisha. Akashona. Pale pale juu, mishono mitatu, bila neno. Mwaka mzima nikatembea kifua mbele. Mwaka uliofuata akanipima tena, akaushona uzi chini ya ule ulioruka, akasema, "Pole, mwanangu. Nasikia mvua huwa zinawafupisha watu, kama kitambaa." Alicheka mpaka akakaa chini.

Nimetoka garini nikamfuata Bibi jikoni.

"Bibi, gari linaitwa."

"Na nani?"

"Na kampuni."

"Kampuni ikaongee na babu yako. Ndiye aliyelinunua."

"Bibi, Babu amefariki."

"Basi wasubiri."

Nikamweleza. Rola, unyevu, meno. Nikamwambia pia ukweli kwamba mikanda ya zamani inakatwa na kuchukuliwa. Akaacha kukoroga.

"Wanakata mkanda wenye kazi ya babu yako?"

"Wanakata yote."

"Mume wangu," akaniambia, hivyo ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, na akiwa na hasira ananiita kwa sauti ya taratibu zaidi, "barua yao niliiona. Nimefunikia mtungi."

Jumamosi, 21 Machi

Jua! Jua la kuanikia magodoro. Dada ndiye anayeliendesha gari siku hizi: asubuhi anampeleka Pilipili shule, wiki mara moja anampeleka Bibi kliniki. Pilipili ni binti yake, mpwa wangu, miaka mitano, ulimi wa miaka hamsini. Anakaa nyuma kushoto. Pale pale.

Dada kaniita pembeni. "Wewe ndiye fundi. Mkanda huu ni mzima au si mzima?"

Babu hakununua uzi bila kuujaribu. Aliuzungushia vidole viwili, akausogeza sikioni, akauvuta kwa ghafla: twa! Alisema uzi mbovu hulalamika kabla ya kukatika. Nami nikafanya kama yeye. Nikauzungusha mkanda mkononi, nikasogeza sikio kwenye ubavu wa gari, nikauvuta kwa ghafla. Ukagoma. Nikauvuta tena. Ukagoma kama punda. Ndani nikasikia meno yakiuma, kak.

"Mzima," nikasema. "Mkanda wa Babu huo. Kampuni itajua nini."

Bibi alikuwa dirishani. Alitabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu mwaka jana. Chakula cha mchana nikapewa sahani ya Babu.

Jumanne, 24 Machi

Magari, magari. Zege leo kasema maneno sita. Matano ni "badilisha".

Jumanne, 31 Machi

Barua ya pili imefika. Mtungi sasa una vifuniko viwili.

Jumatano, 8 Aprili

Mkono umechubuka, ila nitaandika.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Nilikuwa nimeingiza mkono ubavuni mwa gari la mtu mpaka begani niliposikia honi getini, honi ninayoijua, ile inayokoroma mwishoni kama mzee anayemaliza kukohoa. Gari la Babu likaingia uwanjani kwa kasi isiyo yake. Dada akashuka, hana viatu.

Mkono ulikwama ubavuni. Nilipouchomoa uliacha ngozi, na sikuhisi.

Walikuwa wanakwenda kliniki wakipitia shule. Bibi mbele, Pilipili nyuma. Kwenye mteremko, mkokoteni uliopakiwa magodoro ukatokeza kutoka uchochoroni. Dada akakanyaga breki. Hawakugonga chochote. Magodoro yakapita zake yakilowa. Mkanda wa Bibi ukamshika. Wa Pilipili ukaja tu, ukaja wote, kama ulimi unaomtoka mtu, na mtoto akaruka, akapiga uso kwenye kiti cha Bibi.

Nilimkuta kwenye mapaja ya Bibi. Sare yote damu, mdomo umevimba kama andazi. Akaniona, macho yakawaka.

"Mjomba! Nimeruka!"

"Umeruka, ee?"

"Kama ndege! Na jino limetoka, na lilikuwa linacheza, na sikulia." Akafungua ngumi. Jino lilikuwa humo. Halafu ndipo akakumbuka kulia.

Zege alikuja na kitambaa safi na maji. Sikujua kama karakana yetu ina kitambaa safi. Akamfuta mtoto mdomo, akamtazama macho moja baada ya jingine, akamwambia Dada daktari amwone hata hivyo, na akamwita dereva wa karakana awapeleke. Kisha akaingia nyuma ya gari letu, na matone yakimchuruzika puani akauvuta mkanda kwa ghafla. Ukaja. Akauvuta tena. Ukaja mpaka nyuzi zote zikaanikwa: nyekundu, njano, nyekundu, njano, na ule wangu ulioruka.

Akazitazama muda mrefu. Kisha mimi.

"Niliujaribu," nikasema. "Ulikataa, Mkuu. Wallahi ulikataa."

"Ulijaribu siku gani?"

"Jumamosi ile ya jua."

 Aliufunga mlango wa gari taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Angenichapa kibao ningemshukuru.

Bibi alipita mbele yangu akielekea kwenye gari la karakana. Hakuniita mume wangu. Hakuniita kitu.

Alhamisi, 9 Aprili

Daktari kasema ni mdomo na jino la utoto, basi. Gari letu limebaki karakana. Zege kachomoa funguo, kazitia mfukoni. Mikanda mipya imekwisha. Shehena inakuja Jumatatu.

Ijumaa, 10 Aprili

Saa ya chakula nimekaa ndani ya gari la Babu. Linanuka bado: chaki, oili ya cherehani, na zile peremende zake za kifua. Alikuwa anaimba vibaya. Kila mlima alikuwa analisifia gari, "Haya mama, haya mama," na mimi na Dada nyuma tunalisukuma kwa kusukuma viti vya mbele, tukiamini bila sisi halipandi.

Nimemwendea Zege.

"Mkuu, mkanda mmoja ukipotea njiani kuelekea kwenye pipa…"

"Hapana."

Moyoni nikamtukana. Mawe nayo yana babu zao, nikasema, ila huyu alimwagwa tu.

Jumamosi, 11 Aprili

Nyumbani Bibi haongei. Kazi yake ni kumsagia Pilipili chakula kiwe laini, kijiko kwa kijiko, na kumtazama. Jioni akaniuliza bila kugeuka:

"Ungemwambia mtoto wa jirani ni mzima? Kama si mkanda wa babu yako?"

Nilitaka kujibu kitu cha kuchekesha. Nina akiba kubwa ya vitu vya kuchekesha. Leo ghala tupu.

"Ningeubadilisha, Bibi."

"Mimi pia," akasema. "Mtoto wa jirani ningempigia kelele mama yake."

Jumatatu, 13 Aprili

Leo naandika yote.

Shehena imefika asubuhi. Nimelifungua gari la Babu mwenyewe. Zege kanirushia funguo bila kuniangalia. Nimeanza na mkanda wa kulia, mwoga mimi. Nilikuwa nimeshafungua bolti za wa kushoto, nimeutoa pamoja na rola yake, upo mezani umejikunja, niliposikia sauti getini ikimwambia mlinzi asimpotezee muda mwanamke mwenye magoti mabovu.

Bibi. Kaja kwa miguu, mwavuli mkono mmoja, na kwapani kitu kimefungwa kitambaa.

"Mkubwa wa hapa nani?"

Zege akasimama. Akafuta mikono. "Mimi, mama. Karibu."

"Mjukuu wangu anasema mnakata."

"Tunakata."

"Kwa nini?"

"Asije mtu akamfunga nao mtoto."

Bibi akaufunga mwavuli. Nadhani alitarajia kubishana, na sasa hakuwa na wa kubishana naye.

"Anayekata nani?"

"Huyu."

"Kwa kitu gani?"

Nikanyanyua mkasi wa bati, mchafu, umebanduka mpini.

"Hicho?" Bibi akapandisha sauti, karakana nzima ikageuka. "Kazi ya fundi aliyeshonea mabwana harusi wa mji mzima ikatwe kwa kitu cha kukatia mabati ya choo? Wewe umelelewa na nani?"

"Na wewe, Bibi."

"Nyamaza."

Akakifungua kile kitambaa. Mkasi wa Babu. Sijui niueleze vipi. Mkubwa, mweusi, matundu ya vidole yamelainika kwa miaka yake. Ule mkasi haukuruhusiwa kukata chochote isipokuwa nguo. Niliwahi kukatia karatasi ya kishada nikafukuzwa chumba cha kushonea mwezi mzima. Tangu Babu afariki haujatoka kwenye droo.

"Mume wangu," akasema, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, "huu mkanda ni kitambaa au si kitambaa?"

Nikauangalia. "Umefumwa, Bibi."

"Basi ni kitambaa."

Akausogelea. Zege alikuwa pembeni, mikono nyuma. Nikangoja aseme hapana. Ndilo neno lake. Akakohoa.

"Mama. Kampuni inataka rola na kufuli yake. Mkanda, wamesema ukatwe." Akautazama mkasi wa Babu. "Hawakusema ukatwe wapi."

Maneno kumi na kitu kwa mpigo. Wenzangu walitazamana.

"Juzi ulikataa," nikamwambia.

"Juzi uliomba upotee," akasema. "Mimi sipotezi."

Bibi akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi, kuanzia ya kwanza, midomo ikicheza bila sauti. Kwenye ule ulioruka akasimama, akatoa pumzi puani kama mtu aliyecheka kanisani. Akaenda hadi mwisho, karibu na rola, akaweka mkasi. Mikono yake ina ugonjwa wa viungo. Nikataka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Akakata mara moja. Sauti yake ilikuwa ile ile ya chumba cha kushonea, ile niliyokuwa nikiamkia utotoni, nikajua niko nyumbani na Babu keshaanza kazi.

Akakata na upande wa chini. Akaukunja mkanda kama tepu ya kupimia, akautia kwapani. Rola ikaenda kwenye pipa, na mimi ndiye niliyeitupa.

Nilipofunga mkanda mpya, Bibi akaja kuushika. Mkono wake ukapanda kwenye kola. Sindano ilikuwepo. Sijui tangu lini naye anatembea na sindano.

"Huo mpya hautobolewi, mama," Zege akasema.

"Hata tundu dogo?"

"Kila tundu ni mlango."

"Hata la fundi?"

"Hata la fundi."

Bibi akairudisha sindano. Akaushika mkanda, akauvuta kwa ghafla kwa nguvu zake zote za uzee. Ukakataa. Akamwagia maji ya chupa yake ubavuni, Zege akafumba macho kwa uchungu, akauvuta tena. Ukakataa.

"Haya," akasema. "Nirudisheni nyumbani. Nimechoka kutembea."

Alhamisi, 16 Aprili

Nimeacha kumwita Zege. Wenzangu wanauliza nimepatwa na nini. Nimewaambia homa.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua zinapungua. Mkanda wa zamani Bibi kautundika kwenye msumari wa tepu, nyuma ya cherehani. Pilipili anauliza jino jipya linapitia wapi kuja.

Jumamosi, 2 Mei

Wiki nzima hakuna hata wingu. Magari ya mgongo wa kobe nayo yamekwisha, yamebaki ya wabishi kama sisi.

Leo Bibi kanipa sindano.

"Macho yangu hayaoni tundu. Umpime mtoto."

"Mkuu alisema—"

"Nimesikia alichosema. Nimesema mkanda? Kiti hakina kava? Kava si alishona babu yako?"

Ni kweli. Kava la kiti cha nyuma, lile la kahawia, upande wa dirishani lina pindo pana kama liliachiwa kazi hiyo. Pilipili kachagua rangi ya machungwa, "kwa sababu ni njano na nyekundu zikioana". Akaingia, akafungwa mkanda, akakaa kifua mbele na pengo lake nje.

"Kaa wima," nikamwambia. "Na usidanganye."

"Sidanganyi, Mjomba."

Nikatia alama ya chaki begani kwake. Nikatazama. Nikatazama tena. Mtoto huyu jana alikuwa ananifika kwenye mfuko wa suruali. Leo bega limepanda mpaka karibu na dirisha. Nikapitisha mkono chini yake.

Ovaroli yangu ya kazini. Imekunjwa mara nne.

Nikamtazama. Akatazama dirisha. Nyuma yangu Bibi aliacha kupumua, nilimsikia akiacha.

Nikachoma sindano pale pale juu, kwenye alama ya chaki. Mshono wa kwanza ukaenda kombo. "Fumua," akasema Bibi. Nikafumua. Wa pili nao ukaenda kombo. "Fumua. Babu yako angekuficha wateja wasikuone." Nikafumua. Mwisho ikasimama mitatu, midogo, ya machungwa, imenyooka kiasi cha mtu asiyejua kushona kujisifu.

"Nimekuwa mrefu?" akauliza Pilipili.

"Mrefu mno," nikasema. "Ila mwakani ujihadhari. Mvua huwa zinawafupisha watu."

Bibi akaenda kukaa ngazini, mkono mdomoni, mabega yanatikisika.